Shibe ya Siku Moja

Mwalimu Vasanti aliipokea ile simu akiwa amesimama juu ya tangi la maji, kwa sababu huko kwenye jangwa la chumvi mtandao haupatikani mpaka mtu apande juu ya kitu, na vitu vya kupanda ni haba. Aliyempigia alikuwa karani wa shirika la hisani lenye shule, kutoka Ahmedabad, na kwa sauti yake alikuwa ameshiba na amekaa kivulini. Akasema wadhamini wawili watakuja Jumapili kuitembelea shule. Michango ya mwaka huu imepungua, shule zote haziwezi kuendelea, kwa hiyo watatazama ni wapi pana shida zaidi fedha ziende hapo, na kwingine wafunge.

“Lakini wewe usiwe na wasiwasi, mwalimu,” akasema. “Wakifika tu hapo kwenu, watalia wenyewe.”

Vasanti akashuka kwenye tangi huku anacheka peke yake. Kama mashindano ni ya shida, alijiambia, basi kombe ni letu, hata fainali haina haja ya kuchezwa.

Na alikuwa na haki ya kusema hivyo. Watu wale huhamia jangwani mvua zikiisha, na hukaa humo mpaka joto liwafukuze, wakivuta maji ya chumvi kutoka ardhini na kuyakausha kwenye majaruba ya tajiri. Nyumba zao ni vibanda vya magunia na turubai. Shule nayo ilikuwa kibanda kama vingine, ila ndani yake mna mikeka na ubao mweusi, na nje inaning'inia rimu ya trekta iliyofanywa kengele. Watoto huingia darasani wakiwa wameshafanya kazi. Alfajiri huwa ndani ya majaruba na wazazi wao kuvuta reki ili chumvi isigande vibaya, mpaka nyayo zao zimepasuka kama udongo wa kiangazi, na darasani huikunja miguu hiyo chini yao nzi wasiifikie. Shule ya serikali ipo, nani kasema haipo? Ipo kijijini, mwendo wa nusu siku kwa miguu, na njiani hakuna hata kijiti cha kumpa mtoto kivuli.

Vasanti alizaliwa humo humo, mtoto wa wavuta reki. Alisoma kwa sababu shangazi yake aliolewa mjini akamchukua amsaidie kulea. Wenzake wa rika moja hawakuwa na shangazi mjini, na leo ndio wazazi wa wanafunzi wake, hawajui kuandika hata majina yao. Aliporudi kufundisha walimcheka kwamba ameshindwa kupata mume huko, kisha wakamletea watoto wote.

Katika watoto hao alikuwamo Kanku, binti wa Vashram, wa miaka kama tisa, mwembamba, mbishi, mwenye sauti kubwa kuliko mwili. Mwezi uliopita boza la maji lilipokuja, Kanku alisimama mbele yake akayasoma kwa sauti maandishi ya ubavuni, herufi kwa herufi: maji haya si ya kunywa. Kambi nzima ilicheka mpaka ikakaa chini. Boza lile wamelinywa miaka yote. Wakacheka, wakakinga ndoo zao, wakaendelea kunywa, lakini tangu siku hiyo Vashram alimtazama binti yake kwa jicho jingine.

“Namwacha asome,” alimwambia mwalimu. “Ila nisikudanganye, dada. Mgongo wa mama yake umekwisha. Siku shule hii ikiondoka, reki ya mama mtu ni yake.”

Kwa hiyo Vasanti alijua shule ile ni nini. Kilichobaki ni kuwaambia watu, na kwa desturi habari ya wageni hupelekwa kwanza kwa Bibi Jivu, mkubwa wa kambi, ambaye hata tajiri wa chumvi akishuka kwenye gari lake huinama amguse miguu.

“Wageni?” Bibi Jivu akaacha kusugua tumbaku kiganjani. “Wa mjini? Jumapili hii? Na unakuja kuniambia leo, taratibu hivyo, kama unaniambia mbuzi kapotea?”

“Bibi, si wageni wa kuandaliwa. Wanakuja kuona hali yetu.”

“Basi wataiona.”

“Hali ya kweli, bibi. Tuwaache watukute tulivyo. Wakiona tuna shida, ndipo watatuachia shule.”

Bibi Jivu akamtazama kwa huruma, kama anayemtazama mgonjwa. “Tulivyo? Mgeni aingie kwangu anikute nilivyo? Hayo mama yako ndiye aliyekufundisha, au umeyaokota huko mjini?”

“Mficha uchi hazai, bibi.”

“Mimi nimezaa saba,” akasema Bibi Jivu, “na uchi wangu hajauona mtu ila marehemu, na yeye mwenyewe alikuwa haoni vizuri.”

Wanawake waliokuwa karibu wakaangua kicheko, na mjadala ukafia hapo. Hoja yoyote hufa ikichekwa na wanawake kumi.

Msidhani walikuwa wajinga. Walikuwa na hesabu yao, tena ya watu wenye adabu. Mtu amekupa shule, anakuja kutazama amekupa nini. Ukimpokea na matambara na vilio, si unamwambia kwamba kitu chake hakikufaa? Nani ataendelea kumpa mtu ambaye kila akipewa haonekani kuwa amepewa? Hayo Vasanti aliyasikia kila kibanda alichoingia, na kila alipofungua mdomo kujibu, aliletewa chai kwenye kisahani na kuambiwa apumzike, amechoka, amekonda.

Ikaanza kazi ya kuazima. Vijana walikwenda mpaka vijiji vya ukingoni mwa jangwa wakarudi na pikipiki za mabinamu. Vikuku vya fedha vilitoka kwa wakwe, na televisheni ilitoka kwa mwenye duka, ikapandishwa juu ya debe na kuunganishwa kwenye sola. Mapazia ya tarizi, yaliyokuwa yamefungiwa kwenye masanduku yakisubiri harusi za mabinti, yakatundikwa mpaka magunia ya kuta yasionekane. Vashram aliletewa viatu vya ngozi vya shemeji yake na kilemba chekundu.

“Nguo ya kuazima haisitiri matako,” akasema, akijigeuza mbele ya watu.

“Yako hayo hata turubai la boza haliyasitiri,” akajibiwa na Bibi Jivu. “Vaa, usitucheleweshe.”

Jumamosi waliwaogesha watoto. Waliwaogesha kwa maji ya boza, maji yaliyokuwa ya kunywa wiki nzima, wakawasugua mpaka ile rangi nyeupe ya chumvi ikatoka kwenye magoti, wakawapaka mafuta ya nazi. Mwisho wakawavisha soksi. Kila mtoto soksi nyeupe, hadi juu ya kifundo. Vasanti alipoziona soksi alijua yamekwisha. Alikuwa ametegemea miguu ile. Alikuwa amejipangia hata pa kuwakalisha wageni ili waione.

Alimvuta Kanku pembeni. “Wakikuuliza asubuhi unafanya nini, utasemaje?”

“Navuta reki.”

“Sema hivyo hivyo. Usiogope mtu.”

“Bibi amesema niseme nakunywa maziwa.”

“Mimi ndiye mwalimu wako.”

Kanku akakubali kwa kichwa, lakini macho yake yalikuwa yanatafuta njia ya kupita kati ya watu wazima wawili, na njia hiyo haikuwapo.

Jumapili gari jeupe likaonekana mbali, vumbi linalifuata nyuma. Akashuka Bwana Hasmukh, mzee aliyekuwa mfanyabiashara wa vitambaa, sasa amestaafu na moyo wake umelainika, na Bi Ketaki, binti mwenye kamera na miwani ya jua. Ningependa kuwaambia kwamba walikuwa watu wabaya, hadithi ingekuwa nyepesi. Hawakuwa wabaya. Yule mzee alivua viatu kabla hajaambiwa, na kila mtoto aliyemwamkia alimwekea mkono kichwani.

Wakavishwa mashada ya maua, wakakalishwa kwenye kitanda cha kamba chenye mfarishi mpya, wakapewa maziwa ya mgando yenye bizari. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tusemavyo. Siku ile Vasanti alimtazama mwenyeji akijimaliza kwa mikono yake mwenyewe, tena anatabasamu.

“Televisheni!” Bi Ketaki akanong'ona, akapiga picha. “Na pikipiki zile zote ni zenu?”

“Ni zetu, mwanangu, ni zetu,” akasema Bibi Jivu. “Vijana wanapenda kelele.”

Vasanti akamsogelea yule binti pembeni ya darasa. “Dada, samahani. Vitu hivi ni vya kuazima. Vyote. Hapa hakuna mtu mwenye hata baiskeli.”

Bi Ketaki akamshika bega, akatabasamu. “Mwalimu, kila shule tunayoitembelea, mwalimu ananivuta pembeni ananiambia pake ndipo pa maskini zaidi. Tunaelewa. Usihofu, wewe kazi hukosi.”

“Si kazi yangu ninayoisemea.”

“Najua, najua,” akasema Bi Ketaki, na alisema kwa upole kiasi kwamba hapakubaki mahali pa kushika.

Wageni wakaingia darasani, watoto wakasimama na kuketi kwa mstari, soksi zao mbele. Vasanti akapiga magoti karibu na mtoto wa kwanza. Angeweza kumvua soksi moja tu na kuuinua ule mguu. Lilikuwa jambo la kufumba na kufumbua, halina maneno, lisingebishwa na mtu. Mkono wake ukafika kwenye kifundo. Hapo akamwona mama wa mtoto huyo mlangoni, amevuta ushungi mpaka kwenye nyusi, anamtazama. Hakuwa amekasirika. Alikuwa anamwomba. Alikuwa mwanamke aliyecheza naye utotoni ndani ya majaruba haya haya, na leo, kwa siku moja katika maisha yake, alikuwa amevaa vikuku. Vasanti akaurudisha mkono, akajifanya anamfunga mtoto kifungo cha shati.

Alijichukia papo hapo, na hata angefanya lile jingine angejichukia vile vile.

Kanku akaitwa mbele kusoma. Akasoma hadithi ya mbweha na ngoma bila kukwama, akibadilisha sauti pale mbweha anapoogopa, na Bwana Hasmukh akafuta miwani yake.

“Vizuri mno! Na asubuhi, binti yangu, kabla hujaja shule, unafanya nini?”

Kanku akamtazama mwalimu. Kisha akamtazama Bibi Jivu, aliyekuwa amekaa mlangoni, mkono shavuni. Kisha akamtazama baba yake, ndani ya kile kilemba chekundu, ametoa kifua nje kwa ajili ya hadithi ya mbweha.

“Nakunywa maziwa,” akasema Kanku. “Halafu nasoma.”

“Maziwa!” Bwana Hasmukh akapiga makofi. Kambi nzima ilikuwa na mbuzi mmoja, naye kwa wakati huo alikuwa hakamuliwi. Watu wote wakapiga makofi pamoja naye.

Wakala. Mikate ya uwele yenye samli inayotiririka, mchuzi wa bilinganya, halwa ya ngano yenye sukari guru. Watoto waliambiwa wakae mbali wasiiangalie halwa sana. Mzee wa watu akaosha mikono, akamgeukia Bibi Jivu, akamuuliza kwa unyenyekevu wote, akimtazama usoni, “Mama, niambie bila kuficha. Kuna kitu chochote mnachopungukiwa?”

Vasanti alikuwa amesimama na jagi la maji mkononi. Sema, bibi. Sema maji. Sema mgongo wa mama Kanku. Sema hata dawa ya miguu tu.

“Tupungukiwe na nini, mwanangu?” akasema Bibi Jivu. “Wewe umekuja. Mungu ametupa.”

Bwana Hasmukh akatikisa kichwa taratibu, amefurahi kwa dhati. Akaomba watu wakusanyike. Akasimama, akaikunja mikono mbele ya kifua.

“Jana tulikuwa kwenye machimbo ya mawe,” akaanza. “Ndugu zangu, sikulala. Watoto walinishika suruali wananiomba mkate. Mama mmoja alinisukumia mwanawe kifuani, akaniambia, mchukue, mimi sina la kumpa. Pale hapana shule, hapana chochote. Leo nimekuja hapa, nimeona watoto safi, wana soksi, wanakunywa maziwa. Nimeona mlivyoinuka. Hii ndiyo furaha ya maisha yangu.” Akawatazama watu wote. “Fedha tulizonazo ni za sehemu moja tu. Lakini sitawaamuru, shule hii ni yenu. Nawaomba. Ninyi mliokwisha kuinuka, waachieni wenzenu.”

Hakuna aliyepiga makofi. Upepo ulitikisa yale mapazia ya tarizi, na nyuma yake magunia yakaonekana kidogo, kisha yakafunikwa tena. Vasanti alitaka kumchukia yule mzee akashindwa. Watoto wa machimboni walikuwapo kweli, na suruali yake walikuwa wameishika kweli. Alitaka kusema, nao na sisi, baba, kwa nini iwe nao au sisi? Lakini mbele ya wageni, mkubwa akiwapo, aliyeulizwa ni mkubwa.

Ni hapo Vasanti alipopata tumaini, kwa sababu wameombwa, hawakuamriwa. Neno moja la Bibi Jivu lingetosha. Na Bibi Jivu alikuwa ameelewa. Si mtu wa kuelezwa mara mbili yule. Uso wake ulikuwa umebadilika, mashavu yameingia ndani, na alimgeukia Vasanti akamtazama mtazamo mmoja wa mtu aliyekwisha kuona shimo akiwa tayari yumo ndani yake.

“Mwanangu,” akamwambia mgeni. “Umekula chumvi yangu?”

“Nimeila, mama. Nami nimeshiba.”

“Basi mtu aliyekula kwangu akaomba kitu, mimi sina mdomo wa kumwambia hapana.” Akaelekeza mkono darasani. “Chukua.”

“Bibi!” Vashram akaropoka.

“Nyamaza. Mgeni anasikia.”

“Bibi, mtoto wangu...”

“Vashram. Mgeni anasikia.”

Vashram akaitazama miguu yake ndani ya viatu vya shemeji.

Mzee Hasmukh alitaka kuinama amguse Bibi Jivu miguu, wakamzuia, wakashikana mikono, akalia. Kwa hiyo yule karani hakukosea, mtu alilia. Kuhusu mwalimu, mzee alisema asihangaike, machimboni watamhitaji, watampigia simu. Na Bibi Jivu, ambaye akitoa hatoi nusu, akasema ubao nao uende leo leo, si gari lina nafasi juu? Wanaume wakaung'oa ubao, wakaupandisha juu ya gari jeupe, wakaufunga kwa kamba zao nzuri za kufungia pampu. Waliweka magunia chini yake usije ukakwaruza rangi ya gari la watu. Mikeka wakaikunja vizuri, wakaipangusa vumbi kwanza.

Gari likaondoka. Watu walisimama wakipunga mikono mpaka vumbi likatulia, kisha wakaishusha mikono mmoja mmoja, na hakuna aliyejua aanze kufanya nini. Mtu akaenda kuzima televisheni.

Bibi Jivu alikuwa amekaa palepale mlangoni pa kile kibanda kitupu. Vasanti alimwendea akiwa na hasira ya kutosha kumwambia maneno ambayo hayasemwi kwa mkubwa. Alikuwa ameyapanga kabisa.

“Ningesemaje, mwanangu?” Bibi Jivu akamtangulia, na sauti yake ilikuwa ndogo kuliko siku zote. “Wewe umesoma. Hebu niambie, ningesemaje?”

Vasanti alikaa chini kando yake, mchangani, na wote wawili wakatazama mahali ubao ulipokuwa, ambapo gunia lilikuwa na rangi mpya kidogo kuliko kwingine.

Kanku akaja mbio kutoka upande wa majaruba. Baba yake alikuwa ameshamwonyesha reki, na alikuwa amemwambia kesho waamke mapema kuliko kawaida, lakini hayo bado hayajamwingia. Kulikuwa na jambo kubwa zaidi lililokuwa linamsumbua tangu mchana. Akasimama mbele ya mwalimu, anahema, mikono nyuma kama anavyosimama akisubiri kusahihishiwa.

“Mwalimu, walipiga makofi wote. Nilijibu vizuri?”

Vasanti akamwambia alijibu vizuri, vizuri sana, hakuna ambaye angejibu kumshinda. Angemwambia nini kingine?